Kata kuyu kwanza, ndipo uhubiri Zakayo

Somo la Zakayo likifika zamu yake, mahubiri mengi hupita juu ya mti kwa haraka. Mtoza ushuru mfupi wa Yeriko alipanda mti amwone Yesu, basi. Tunakwenda kwenye toba, nusu ya mali kwa maskini, na fidia mara nne. Mti unabaki ngazi tu. Na katika picha za kufundishia watoto, ambazo nyingi huchorwa ng'ambo, utaona shina jembamba lililonyooka na majani ya bustani za Ulaya. Mtoto wa Muheza akiitazama picha hiyo anajifunza kwamba mambo ya Biblia yalitokea mahali asipopajua kabisa, ilhali mti wenyewe ameupita asubuhi akienda shule.

Hoja yangu ni hii. Msomaji wa Biblia aliyeko Tanga au Bagamoyo ana vifaa vya kuisomea ambavyo msomaji wa London hana: miti, majaruba ya chumvi, nyavu, barabara za kupanda na kushuka. Hatuvitumii kwa sababu tumezoea kudhani ufafanuzi wa maandiko unatoka kwenye vitabu vilivyoagizwa. Vitabu ni muhimu. Lakini kitabu kinachozungumzia mkuyu hakimwondolei mtu wajibu wa kwenda kuutazama mkuyu.

Tuanze nao. Mti wa Luka 19:4 ni mkuyu, na wataalamu wa mimea huuita Ficus sycomorus. Ndio huu huu unaoota kandokando ya mto Pangani, Wami na Ruvu na katika mabonde yenye maji ya karibu. Asili yake ni Afrika. Ulifika Misri na Palestina zamani sana, ukapandwa na watu. Kwa hiyo Zakayo alikwea mti wa kwetu. Msomaji wa Uingereza akilikuta jina la mti huu katika Biblia yake humjia akilini mti mwingine kabisa wa kwao, usiozaa hata tunda la kuliwa. Hapo yeye ndiye mwenye kuhitaji maelezo ya chini ya ukurasa, sisi hatuhitaji.

Ila hakikisha ni mkuyu wenyewe, maana jina hili watu hulitumia kwa miti kadhaa ya jamii moja. Gome la mkuyu ni la manjano yenye ukijani, nalo hubanduka vipande vyembamba kama karatasi. Jani lake lina ukwaru. Ukilipitisha kwenye kucha unasikia msasa. Matunda hukaa kwa vichala kwenye shina na matawi makubwa, juu ya vijiti visivyo na majani. Ukikuta kingo za jani zina meno na gome ni la kijivu, huo ni ndugu yake. Ukikuta mti uliomkumbatia mwingine na kumnyonga, matunda yakiwa vitawini katikati ya majani, huo ni ndugu wa mbali zaidi. Umbo la mkuyu linaeleza jambo moja la Zakayo bila mhubiri kuongeza neno: shina ni nene lakini hugawanyika chini, matawi yakitambaa ubavuni, kiasi kwamba hata mtu mfupi mwenye kanzu anaweza kukwea. Mtende hauwezi kumpa nafasi hiyo, ingawa Kumbukumbu la Torati 34:3 inauita Yeriko mji wa mitende. Alichagua mti uliopandika.

Sasa chukua makuyu, yaani matunda ya mkuyu, matatu: moja kijani na gumu, la pili limeanza kulegea, la tatu limeiva rangi ya chungwa au nyekundu. Tandika karatasi nyeupe. Kwa wembe mkali pasua kuanzia kwenye kitundu kidogo kilichoko kinyume na kikonyo, ushuke hadi kikonyoni. Subiri utomvu mweupe utoke, ufute kwa kitambaa, maana ukikaukia kwenye wembe unaugandisha na pasuo la pili litachanika. Ndani ya lile la kijani utaona mamia ya vijiua vidogo vimeelekeana katikati. Kuyu ni chumba cha maua yaliyogeukia ndani, na mlango wake ni kile kitundu.

Katika lile lililoanza kulegea utakuta vivimbe, na ndani ya vivimbe wadudu. Jike la nyigu, refu kiasi cha milimita 2, huingia kupitia kitundu kilichobana hata mabawa yake hukatika mlangoni. Hutaga mayai katika baadhi ya maua, huku akiyapaka mengine chavua aliyoibeba kutoka kuyu alikozaliwa, kisha hufia humo humo. Madume huzaliwa bila mabawa. Huwapandisha majike wakiwa bado vivimbeni, hutoboa ukuta wa kuyu ili majike yatoke, nayo hufa bila kuliona jua. Jike hutoka na chavua yake kutafuta mkuyu mwingine. Bila nyigu huyu, mkuyu hauna mbegu, na bila mkuyu, nyigu huyu hana ukoo.

Hili lina kazi katika Amosi. Alipofukuzwa Betheli na kuhani Amazia, Amosi alijibu (7:14) kwamba yeye hakuwa nabii wala mwana wa nabii, alikuwa mchungaji na mtunza mikuyu. Kutunza mikuyu ni kufanya nini? Hapa kwetu hakuna anayeitunza. Inazaa yenyewe, na makuyu huliwa na popo, hondohondo, ngedere na watoto. Tofauti iko kwa nyigu. Yule anayechavusha hayuko Misri wala Palestina. Kule yupo jamaa yake mwingine anayeingia, anataga, na haachi chavua. Tunda likiachwa linajaa wadudu, halina mbegu na halina utamu. Kwa hiyo wakulima wa kale waligundua dawa: kulichanja kuyu likiwa bado changa. Jeraha huufanya mti utoe gesi ya ethilini, ile ile inayoivisha ndizi zilizofunikwa, na kuyu linavimba na kulainika ndani ya siku tatu au nne, kabla nyigu waliomo hawajakomaa. Waandishi wa kale wa Kiyunani waliieleza kazi hii, na waliotafsiri Agano la Kale kwa Kiyunani walimwita Amosi mkwaruza makuyu. Kwa kuwa hakuna mbegu, mti wenyewe kule hupandwa kwa vipandikizi.

Hebu hesabu kazi hiyo. Mkuyu mmoja una maelfu ya matunda, na kila moja linataka mkato wake kwa mkono, kwa wakati wake, juu ya tawi. Ni kibarua cha msimu kinachofanywa na mtu mwenye kisu na subira, kwa ajili ya tunda la bei ya chini, chakula cha watu wasio na kitu. Tena Amosi alitoka Tekoa (1:1), kijiji cha milimani, ambako mkuyu haustawi. Baridi kali huuua, na Zaburi 78:47 inaikumbuka mikuyu iliyoharibiwa hivyo. Mikuyu mingi ilikuwa nchi ya chini, Shefela, ambako Daudi aliweka ofisa wa kuisimamia pamoja na mizeituni (1 Nyakati 27:28). Kumbe Amosi alikuwa akiteremka kutafuta kibarua. Anaposema kwamba watu wanauza maskini kwa jozi ya viatu, anasema mtu aliyejua bei za chini kwa mikono yake. Mhubiri akikosa habari ya kuyu anabaki na nabii mkali tu, na ukali wake haueleweki umetoka wapi.

Kushuka huko wasafiri wa Tanga wanakujua. Kutoka Lushoto hadi Mombo ni kilomita kama 33, na njia inateremka karibu mita 1,000. Masikio yanaziba na sweta inavuliwa njiani. Kutoka Yerusalemu hadi Yeriko ni kilomita kama 25, na mteremko nao ni wa karibu mita 1,000, kwa kuwa Yeriko uko mita 250 hivi chini ya usawa wa bahari. Luka 10:30 inasema mtu mmoja alishuka toka Yerusalemu kwenda Yeriko, na hakuna fumbo hapo. Ni neno la dereva wa Lushoto. Joto la bonde ndilo linaloeleza kwa nini mkuyu ulikuwepo Yeriko wakati milima ya Yuda hupata theluji baadhi ya miaka. Kona na makorongo ya mteremko wa namna hiyo ndiyo yanayoeleza wanyang'anyi wa mfano ule wa Msamaria mwema.

Neno moja la pembeni. Pwani nzima mkuyu mkubwa, kama mbuyu, una sifa ya kukaliwa na mizimu, na chini yake huonekana vitambaa vyekundu na vyeupe na vyungu. Wapo Wakristo wanaoona kuukata ni ushuhuda. Mimi naona ni hasara ya pande mbili. Mkuyu hupenda palipo na maji karibu, na mizizi yake hushika kingo za mto. Ukiuondoa, ukingo unaanza kumeguka masika ya kwanza. Wala Luka haoni haya kuutaja kama mahali ambapo mtu aliitwa kwa jina lake. Wanaojivuna kwamba mikuyu ikikatwa watapanda mierezi mahali pake wamo katika Isaya 9:10, na nabii hawasifu.

Bahari nayo. Mathayo 13:47 inaufananisha ufalme wa mbinguni na juya lililotupwa baharini likakusanya wa kila namna. Mvuvi wa Tanga akisikia hapo anacheka kidogo, kwa sababu juya la kukokota ufukweni ni zana iliyopigwa marufuku Tanzania, na anajua sababu: linaburuta chini juu ya nyasi za bahari, macho yake madogo hayachagui, na linatoka na changu wachanga pamoja na wakubwa. Hiyo hiyo ndiyo maana ya mfano. Mshipi unachagua, mtego unachagua kwa ukubwa wa mlango, jarife linachagua kwa upana wa jicho. Juya halichagui chochote, na ndiyo maana kuna kukaa pwani na kupambanua. Katika ziwa la Galilaya kupambanua kulikuwa na sheria mbele yake: Walawi 11 inakataza samaki asiye na mapezi na magamba, na ziwa lile lina kambale. Wavuvi walioketi kuchambua hawakuwa wakipima ukubwa. Walikuwa wakitoa najisi. Mhubiri anayeligeuza juya kuwa wavu wowote wa kupendeza, akahubiri bidii ya kuvua watu, ameukosa mfano. Kazi ya kutenga, kwa maneno ya Mathayo mwenyewe, wanapewa malaika, mwisho wa dunia. Wavuaji hawakuambiwa wachague ndani ya maji.

Chumvi ndiyo inayonishika zaidi, kwa sababu hapa watu wenye elimu nao hujikwaa. Mathayo 5:13 inasema chumvi ikiharibika haifai tena ila kutupwa nje na kukanyagwa. Mwanafunzi wa kemia huuliza, na ana haki: kloridi ya sodiamu, yaani chumvi ya kula, inaharibikaje? Haiozi, haichachi. Chumvi safi ikikaa miaka 1,000 ni chumvi. Baadhi ya wafafanuzi hujibu kwamba Yesu alitaja kwa makusudi jambo lisilowezekana. Huenda. Ila nenda kwanza kwenye majaruba ya chumvi ya Bagamoyo wakati wa kiangazi, utazame chumvi inavyozaliwa.

Maji ya bahari huingizwa kwa mfereji kupitia mikoko siku za bamvua, bahari inapojaa juu zaidi, kisha mlango hufungwa. Katika lita 1,000 za maji hayo mna chumvichumvi za kila aina kiasi cha kilo 35, na katika hizo chumvi ya kula ni kama kilo 27. Maji hupitishwa bwawa hadi bwawa, kila moja na kina kifupi kuliko lililotangulia, jua na upepo vikiyapunguza. Chokaa hutangulia kutulia chini. Baadaye, haidromita, kifaa cha kupimia ukolezo wa maji ya chumvi, ikisoma nyuzi 13 hadi 15 za kipimo cha Baumé, jasi, madini meupe yanayoyeyuka kwa shida, huanza kugandia sakafuni. Maji yakibaki sehemu moja ya kumi ya yale ya mwanzo, nyuzi 25 na kitu, chumvi yenyewe huanza kufanya fuwele juu ya uso na kuzama. Hapo ndipo maji yanahamishiwa majaruba ya mwisho, na hapo ndipo penye makosa mawili.

Kosa la kwanza ni kuhamisha mapema. Jasi inashuka pamoja na chumvi, na unavuna kitu cheupe, kizito, chenye chembe zisizoyeyuka katika mchuzi. La pili ni kuchelewa kumwaga maji yaliyobaki. Yakifika nyuzi 29 au 30 yamejaa chumvi za magnesiamu; wavunaji huyamwaga kwa kuwa ni machungu. Yakiachwa yakaukie juu ya mavuno, chumvi inakuwa chungu, tena haikauki: kloridi ya magnesiamu hunyonya maji hewani mchana na usiku, na gunia linalia sakafuni. Hata chumvi safi ya kula huanza kuloa unyevu wa hewa ukipita asilimia 75, na usiku wa Tanga hupita hapo mara nyingi. Ndiyo maana kiroba cha chumvi huwekwa juu ya mbao, mbali na ukuta. Mvua nayo haina huruma. Milimita 10 tu za mvua ni lita 10 juu ya kila mita moja ya mraba, na lita 10 zinaweza kuyeyusha kilo 3.6 za chumvi. Tabaka la milimita 3 linaweza kuondoka kwa mvua moja ya namna hiyo.

Sasa iweke chumvi ya Palestina mahali pa hii yetu. Sehemu yake ilichotwa kwenye fukwe za Bahari ya Chumvi, ambayo maji yake yana kloridi ya magnesiamu nyingi kuliko ya sodiamu, au ilichimbwa kwenye miamba iliyochanganyika na jasi na udongo. Hakuna aliyemwaga maji machungu, wala aliyeitenga jasi kwa bwawa lake. Mzigo kama huo ukikaa chumba chenye unyevu, au ukinyeshewa, kinachotangulia kuondoka ni chumvi, kwa maana lita moja ya maji hubeba gramu 360 za chumvi na gramu kama mbili na nusu tu za jasi. Baada ya muda rundo bado ni jeupe, bado lina sura ya chumvi, na halikolezi. Luka 14:35 inaongeza kwamba haiifai nchi wala jaa. Ni kauli ya mtu aliyewahi kuliona rundo hilo na watu wakijiuliza walitupe wapi.

Jaribio lake linafaa sana darasa la watoto wa Jumapili na halihitaji maabara. Chaki nyingi za ubaoni zimetengenezwa kwa jasi. Saga chaki upate kijiko kimoja kikubwa cha unga, uchanganye na vijiko viwili vya chumvi ya mawe iliyopondwa. Weka katika kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara nne, juu ya bakuli. Mimina nusu lita ya maji baridi, kidogo kidogo, kwa dakika 10. Kitambaa kikiwa chepesi chaki itapita na maji yatatoka ya maziwa. Rudia kwa kitambaa kizito. Usimimine maji yote kwa pupa, yatapita pembeni na kuacha chumvi katikati. Kilichobaki kianike juani. Waonyeshe watoto unga mweupe uliokauka na kando yake chumvi, wachague kwa macho. Watakosea. Anayetaka kuonja, achovye ncha ya kidole katika unga, ulimi utamjibu. Sishawishiki kwamba jaribio hili linamaliza ubishi wa wafafanuzi, lakini linamwokoa mhubiri asiseme mbele ya mwalimu wa kemia jambo ambalo mwalimu anajua si kweli.

Uangalifu wenyewe unataka mipaka. Hatari ya kusoma Biblia kwa vitu vya nyumbani ni kuvifanya vyote kuwa vya kule. Mierezi ya Lebanoni haiko Usambara. Msitu wa Shume-Magamba una mti mzuri ambao Wasambaa huuita mwangati, na mafundi wengi huuita mwerezi kwa sababu ya harufu na wekundu wa mbao. Ni jamii nyingine. Mti wa Lebanoni uko karibu na misonobari kuliko na mwangati. Mhubiri anaweza kuutumia kufundisha harufu ya hekalu la Sulemani, kwa sharti aseme ni mfano. Haradali, ambayo mfano wa Yesu unaiita mbegu ndogo kuliko zote, vilevile: mbegu za kutilia achari zinazouzwa katika maduka ya viungo ya Tanga zina kipenyo cha milimita 1 hadi 2, nazo zinafaa sana kuwekwa mkononi. Lakini kuna mbegu ndogo kuliko hizo, ya mchicha ikiwemo, na mtu asipoteze dakika 15 kuitetea hesabu ambayo mfano haukukusudia. Yesu alizungumzia mbegu ambazo mkulima wa kule alizitupa shambani.

Upo pia ufafanuzi mtamu usio na mzizi. Wengi wamesikia kwamba tundu la sindano, lile ambalo Yesu alisema ni rahisi ngamia kulipenya kuliko tajiri kuingia ufalme wa Mungu, lilikuwa mlango mdogo wa Yerusalemu ambao ngamia aliupita kwa magoti baada ya kushushwa mizigo. Hakuna ushahidi wa mlango huo. Habari hii inapendwa kwa sababu inampa tajiri njia ya kupita kwa kuinama kidogo, wakati wanafunzi wenyewe waliposikia walishangaa mno wakauliza ni nani basi awezaye kuokoka. Ukipokea ufafanuzi unaolainisha maneno magumu, uukague kwa ukali mara mbili.

Kwa nini kazi hii isifanywe na watu wa kanisa? Imewahi kufanywa, tena hapa. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha misheni ya Bagamoyo mwaka 1868. Mmoja wa mapadri wake wa mwishoni mwa karne ya 19, Charles Sacleux, alikusanya mimea ya pwani hii na kuipeleka Paris, na wakati huohuo akakusanya maneno ya Kiswahili na lahaja zake. Kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ilichapwa Paris kati ya 1939 na 1941, na majina ya miti mle ndani yanakwenda pamoja na majina ya kitaalamu. Ipo jamii ya mimea iliyopewa jina la Sacleuxia kwa heshima yake. Hakuona kwamba kubana majani ndani ya karatasi kunampunguzia upadri. Lawama ninayobaki nayo ni kwamba mikusanyo ile ilikwenda mbali na parokia ilikotoka.

Basi parokia na usharika vitengeneze albamu zao za mimea ya Biblia. Zinatakiwa mbao mbili za sentimita 30 kwa 45, kamba mbili, na magazeti ya zamani. Karatasi za majarida yenye kung'aa hazifai kwa kuwa hazinyonyi maji. Kata tawi lenye majani kadhaa na tunda. Jani moja ligeuzwe mgongo, kwa sababu mishipa na vinyweleo vya chini ndivyo vinavyotofautisha ndugu kwa ndugu. Kuyu lisibanwe zima, litaoza. Likatwe kipande cha milimita 5. Utomvu uachwe ukauke kabla ya kubana, la sivyo unagandisha gazeti kwenye jani. Magazeti yabadilishwe kila siku kwa siku nne za kwanza, na masika kwa wiki nzima. Anayeruka siku mbili atakuta koga la kijivu, na jani lililoota koga halitengenezeki.

Maelezo yaandikwe kwa penseli, kwani wino wa kalamu husambaa kwenye unyevu: jina la mti kwa Kibondei, Kizigua, Kidigo, Kisambaa au Kikwere, mahali, tarehe, rangi za tunda kabla halijakauka, matumizi, na aya za Biblia. Mwenye friji ya kugandisha afunge karatasi ndani ya mfuko wa plastiki na kuziacha siku tatu kuua wadudu, kisha asifungue mfuko hadi upate joto la chumba, maana umande utalowesha kazi yote. Wazee wa lugha waulizwe majina kabla ya vijana kuandika wanachokijua wao.

Kwa kuanzia Tanga na Bagamoyo zinajitosheleza kwa mkuyu, mtende, mkomamanga wa uani, haradali iliyopandwa kwenye kopo, na ngano iliyooteshwa kutokana na punje za dukani. Mwangati ushushwe kutoka Lushoto na kuandikwa wazi kwamba si mwerezi wa Lebanoni. Ukurasa wa mzabibu uachwe mtupu mpaka apatikane mtu anayetoka Dodoma.